Shajara ya mradi: nguzo kumi na tatu za tope, Ghuba ya Mwanza

Swali la mradi

Nguzo ya Winogradsky ni chombo chenye tope, maji, karatasi na madini kidogo, kinachoachwa mwangani kwa miezi bila kutikiswa. Vijiumbe waliomo hujipanga kwa matabaka, kila kundi likikaa pale linapopata mwanga, hewa au kemikali inayolifaa. Jina ni la Sergei Winogradsky, ambaye katika miaka ya 1880, akichunguza bakteria wa salfa wenye umbo la nyuzi, alionyesha kwamba wapo viumbe wanaopata nguvu kwa kuunguza madini.

Maelekezo yaliyozoeleka ya nguzo hii yanafaa zaidi tope la pwani ya bahari, ambako salfeti, yaani salfa iliyoungana na oksijeni, ni nyingi. Ziwa letu ni jingine. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayoangukia juu ya ziwa lenyewe, ndiyo maana maji yake ni laini na chumvi zake ni chache. Kwa upande wa chuma, sehemu nyingi za ukingo hazina upungufu. Chuma kingi na salfeti kidogo: hivyo ndivyo zilivyokuwa bahari za dunia kabla ya oksijeni. Bahari ya leo ina milimoli 28 za salfeti kwa lita. Ya zama za Akea, kabla ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, inakadiriwa kuwa na chini ya mikromoli 200, yaani milimoli 0.2.

Swali hili lina jiwe lake jirani. Ukivuka kutoka Kigongo hadi Busisi na kuendelea mpaka Geita, unakuta miamba ya chuma yenye mistari, tabaka jeusi na jekundu yakipishana, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.6. Oksijeni ilianza kukaa hewani kama miaka bilioni 2.4 iliyopita. Basi miamba ya aina hii ilijengwa na chuma kilichopata kutu wakati hewa haikuwa na uwezo wa kukitia kutu. Wako wanaosema sianobakteria (bakteria wa kijani-buluu) wa mwanzo walitoa oksijeni kidogo kidogo majini. Wako wanaosema ni bakteria wanaotumia mwanga kunyang'anya chuma elektroni moja kwa moja, bila oksijeni kuhusika. Mwaka 1993 Friedrich Widdel na wenzake walionyesha kwamba bakteria wa namna hiyo wapo, na Ghuba ya Kabuno katika Ziwa Kivu, upande wa Kongo, ina wengi wanaoishi hivyo hadi leo.

Kazi ya mradi ni mbili: kuona salfeti inabadilisha vipi tope letu, halafu kujaribu kama tope hilo linaweza kutoa kutu mwangani bila oksijeni.

Siku ya 0 (Juni, kiangazi)

Tope limechotwa sehemu mbili. La kwanza, herufi M, limetoka kwenye mafunjo karibu na mdomo wa kijito. Pale juu ya maji palikuwa na utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua kama mafuta. Kuutambua ni rahisi: gusa kwa kijiti. Utando wa mafuta hujikusanya tena. Wa chuma huvunjika vipande kama barafu nyembamba na kubaki hivyo. Huu ulivunjika. La pili, herufi L, ni tope-mchanga la luseni (udongo wa kichanga, kwa Kisukuma) chini ya majabali ya mawe, la kijivu hafifu, lenye chuma kidogo.

Tahadhari za ukingoni si za kupuuza. Mwambao huu una kichocho, na konokono wanaokibeba hupenda hapo hapo penye mimea. Mabuti ya mpira hadi gotini, glavu ndefu, na kuchota asubuhi mapema, kwa sababu mabuu wa kichocho cha tumbo hutoka kwa wingi zaidi kuelekea saa sita mchana. Maji ya ziwa yalikaa kwenye ndoo iliyofunikwa kwa saa 48 kabla ya kushikwa kwa mikono mitupu. Mabuu hao hawaishi muda huo bila kumpata mtu. Penye mamba au kiboko tope halichotwi, hata liwe zuri namna gani.

Tope limechujwa kwa wavu wa matundu ya milimita 2 hivi ili kutoa mizizi, konokono na funza wa wale wadudu wanaopanda kama moshi juu ya ziwa. Funza hao wakibaki watachimba vishimo, wataingiza oksijeni chini na kuchanganya matabaka yote. Sakafu za bahari za kale hazikuwa na wachimbaji hao hadi karibu na miaka milioni 540 iliyopita, na ni sababu mojawapo ya matabaka yao kuhifadhika vizuri.

Chupa ni za maji ya kunywa, lita 1.5, zimekatwa shingo. Kila moja: tope sentimita 18 (karibu lita 1), maji ya ziwa sentimita 4 juu yake, na nafasi ya hewa sentimita 3. Tope liwe zito kama uji wa kulishia mtoto. Likiwa jepesi linazama na kuacha maji mengi, likiwa kavu linabaki na mifuko ya hewa. Gonga kitako cha chupa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa mpaka mapovu yaishe kutoka. Mdomo umefunikwa kwa nailoni na mpira wa kufungia, bila kukazwa, maana gesi lazima ipate pa kutokea.

Viongezo vimechanganywa kwenye theluthi ya chini tu ya tope: gazeti lililochanwa na kuloweka usiku kucha, gramu 15, unga wa maganda ya mayai, gramu 5, na kwa nguzo zenye alama ya kujumlisha, unga wa jipsamu wa kupigia dari (salfeti ya kalisi), gramu 10. Karatasi ya gazeti inayong'aa haifai, imepakwa udongo mweupe na haiozi vizuri. Nguzo zisizo na jipsamu zimepewa ganda la yai gramu 10 badala ya 5, ili kalisi isiwe ndiyo tofauti. Kiini cha yai, ambacho wengi huweka, tumekiacha makusudi: kina salfa, na kingeharibu ulinganisho wote.

Chaki ya darasani isitumike bila kupimwa. Dondoshea limau au siki. Ikitoa povu ni kaboneti. Isipotoa, basi ni jipsamu, na ukiiweka kwenye nguzo isiyotakiwa kuwa na salfeti umeharibu jaribio bila kujua.

Mpangilio: M+ chupa tatu, M0 (bila jipsamu) tatu, L+ tatu, za gizani mbili (M+ moja na L+ moja, zimefungwa foili), na za tope lililouawa mbili, herufi K. Tope la K limechemshwa kwenye sufuria saa nzima kabla ya kujazwa.

Mahali: dirisha la kusini. Mwanza iko nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, hivyo kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Dirisha la kusini linapata mwanga mwingi bila jua kuipiga chupa. Jua la moja kwa moja huipasha chupa joto hadi tope likatoa mapovu.

Siku ya 2

M+2 imevunjwa na kujazwa upya. Jipsamu ya dari ni ile inayoganda ikipata maji, na kwenye chupa hii iligandia chini kama sahani ya saruji. Njia sahihi: koroga gramu 10 kwenye nusu lita ya maji, acha igande, kausha, twanga kwenye kinu, halafu ndiyo uchanganye na tope. Ikishaganda mara moja haigandi tena. Nguzo zote za kujumlisha zimefunguliwa na kurekebishwa hivyo, na hesabu ya siku imeanza upya.

Siku ya 6

Chupa zote mbili za K zimevimba nailoni na zinanuka. Sababu iko kwenye mwinuko. Ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka karibu na nyuzi 96, si 100. Hata 100 isingetosha: mbegu sugu za bakteria wa kundi la Clostridium huvumilia kuchemshwa, na zikishapoa kwenye tope lisilo na hewa lenye karatasi, zinaota zikiwa peke yao bila mshindani. Tope la K limetengenezwa upya kwa sufuria ya presha, dakika 60, likapumzishwa siku moja mwangani, likarudiwa dakika 60. Mwinuko huu unapunguza kidogo joto hata ndani ya presha, kufikia kama nyuzi 119 badala ya 121, kwa hiyo muda mfupi wa vitabuni usifuatwe.

Siku ya 11

M+ na M0 zimekuwa kijivu cha majivu mabichi. L+ ina madoa meusi chini. Rangi nyekundu-kahawia ya tope la M imepotea kabisa chini ya sentimita 2: kutu imepunguzwa na bakteria wanaopumua chuma. Wao hutangulia kwa sababu chuma chenye kutu kinawapa nguvu zaidi kuliko salfeti, na salfeti inatoa zaidi ya kaboni dayoksaidi. Ngazi hiyo, oksijeni, naitreti, manganizi, chuma, salfeti, kaboni dayoksaidi, ndiyo inayopanga nguzo nzima kutoka juu kwenda chini.

K hazijabadilika. Tope lile lile, karatasi ile ile, mwanga ule ule, na hakuna lililotokea.

Siku ya 20

Kipimo cha chuma kwa chai. Chai nyeusi kali, kijiko kimoja cha majani kwenye mililita 50 za maji, ipoe. Vuta mililita 2 za maji ya ndani ya tope kwa sirinji yenye mrija mwembamba uliozibwa pamba nchani, changanya na mililita 2 za chai kwenye sahani nyeupe. Chuma kilichoyeyuka hukutana na tanini, na kikipata hewa kinageuka weusi wa wino ndani ya dakika chache. M0: nyeusi kabisa. M+: nyeusi iliyopauka. L+: chai imebaki chai.

Kipimo cha haidrojeni salfaidi, gesi ambayo bakteria wanaopumua salfeti huitoa: waya wa shaba uliosuguliwa kwa msasa hadi ung'ae, unaning'inizwa hewani juu ya maji kwa saa moja. L+ umekuwa mweusi. M+ umebaki unang'aa, ingawa tope lake ni jeusi tii. Waya usiachwe ndani ya chupa. Shaba ni sumu kwa sianobakteria. Na chupa zinazonuka yai bovu zifunguliwe nje, kwa sababu gesi hiyo ikizidi pua huacha kuisikia kabla haijaacha kudhuru.

Siku ya 33

Madoa ya zambarau yametokea kwenye L+1 na L+3, sentimita 3 hadi 6 chini ya uso wa tope, upande wa dirisha. L+2 imefuata siku mbili baadaye. Chini ya hadubini, mara 400, seli nene zinazoogelea zenye punje zinazong'aa ndani: bakteria wa zambarau wa salfa, na punje ni salfa yenyewe waliyoitoa kwenye salfaidi. Hao hufanya usanisinuru bila kutoa oksijeni. Juu yao kuna utando wa kijani-buluu wa sianobakteria, nyuzi zinazoteleza polepole, nao hutoa oksijeni. Kati ya makundi haya mawili upo mpaka wa milimita chache, wenye nyuzi nyeupe za Beggiatoa, wale wale aliowachunguza Winogradsky.

Nguzo za gizani ni nyeusi vilevile lakini hazina zambarau wala kijani. Weusi hauhitaji mwanga. Wapumua salfeti wanaishi kwa karatasi iliyooza.

M+ hazina zambarau hata doa. Salfeti imewekwa sawa na L+, tope limeiva, salfaidi inatengenezwa. Inakwenda wapi?

Siku ya 35

Hesabu. Gramu 10 za jipsamu ya dari ni kama moli 0.069 za salfeti. Zote zikigeuzwa salfaidi, kila moli ya salfaidi inashika moli moja ya chuma na kuwa salfaidi ya chuma, ile nyeusi. Moli 0.069 za chuma ni gramu 3.9 hivi. Lita ya tope yenye gramu 500 za vitu vikavu inahitaji chuma kilicho rahisi kushikwa asilimia 0.8 tu ya uzito wake kumeza salfaidi yote. Tope la mafunjo lenye utando ule halishindwi kuwa na kiasi hicho. Juu ya hapo, kutu iliyobaki huigeuza sehemu ya salfaidi kuwa salfa kabla haijafika popote.

Yaani chuma kinawalinda walio juu wasifikiwe na salfaidi, na kinawanyima bakteria wa zambarau riziki. Hili ndilo jambo ambalo wanaochunguza bahari za kale wamelijadili kwa miaka mingi. Mwaka 1998 Donald Canfield alitoa hoja kwamba bahari ziliacha kuwa za chuma pale salfaidi ilipozidi chuma kilichokuwapo, si oksijeni ilipofika kilindini. Kazi za baadaye zimeonyesha kwamba bahari za chuma zilidumu muda mrefu zaidi, na salfaidi ilitawala sehemu sehemu, hasa kandokando ya mabara. Tunachokiona hapa ni hesabu hiyo hiyo ya nani amemzidi nani, kwenye chupa.

Siku ya 41

Kujaribu hesabu. M+3 imeongezwa gramu 20 za jipsamu iliyoganda na kutwangwa, ikiwa kwenye maji, kwa sirinji ya mililita 60 yenye mrija uliofika theluthi ya chini. Ingiza polepole, ukisukuma kwa nguvu unachimba handaki na maji yenye oksijeni yanashuka. Jipsamu huyeyuka gramu 2.4 hivi tu kwa lita, kwa hiyo inabaki chini kama ghala na kutoa salfeti kidogo kidogo. Hata maji yakishiba hayafiki zaidi ya nusu ya salfeti ya baharini. M+1 na M+2 hazijaguswa.

Siku ya 48

M0 zimepasuka katikati: gesi imekusanyika chini ya karatasi na kulinyanyua tope lote la juu kama kifuniko. Dawa ni waya mwembamba wa chuma cha pua, ushushwe ukiambaa na ukuta wa chupa mara mbili au tatu, gesi itoke bila kuvuruga kati. M+ zina gesi kidogo mno. Hilo linatazamiwa: palipo na salfeti, wapumua salfeti huwanyang'anya watengeneza metheni haidrojeni na asetati.

Gesi ya M0 imekingwa kwa sirinji iliyopinduliwa majini, ikatikiswa na maji ya chokaa kuondoa kaboni dayoksaidi, iliyobaki ikawashwa nje: mwali wa buluu, hafifu. Watengeneza metheni si bakteria bali arkea, na walikuwa miongoni mwa viumbe wa kwanza ambao Carl Woese na George Fox waliwatumia mwaka 1977 kuonyesha kwamba uhai una tawi la tatu lililokuwa limefichika kwa kufanana kwake na bakteria machoni.

Siku ya 60

Maelezo kuhusu tafsiri, kwa sababu yanaulizwa kila chupa hizi zinapoonyeshwa.

Nguzo si mashine ya kurudi nyuma. Kila kijiumbe ndani yake ni wa leo, mwenye historia ndefu sawa na furu na sangara walio nje ya dirisha. Ishara za uhai zinafika karibu miaka bilioni 3.5 nyuma kwenye miamba ya Pilbara, Australia, na kila ukoo ulioko sasa umepitia muda wote huo. Ziwa lenyewe ni changa: lilikauka na kujaa tena kama miaka 15,000 iliyopita. Kinachorudi kwenye chupa ni masharti ya kemia, wala si mababu. Weka chuma, kaboni, mwanga na ukosefu wa hewa, na watakaoshinda ni wenye mbinu zinazolipa katika masharti hayo.

La pili: weusi wa salfaidi ya chuma huwakumbusha watu nadharia za chanzo cha uhai. Günter Wächtershäuser alipendekeza mwaka 1988 kwamba kemia ya kwanza ya uhai ilifanyika juu ya madini ya chuma na salfa. Mwaka 2016 kundi la William Martin lilichambua jeni za vijiumbe na kupata familia 355 za protini walizozihusisha na babu wa mwisho wa pamoja wa viumbe wote. Picha iliyotoka ni ya kiumbe asiyetumia oksijeni, anayeishi kwa haidrojeni na kaboni dayoksaidi, mwenye vimeng'enya vingi vyenye vifundo vya chuma na salfa. Vifundo hivyo bado vimo katika karibu kila seli ya mwili wa binadamu. Lakini weusi wa chupa zetu umetengenezwa na bakteria. Unaonyesha kwamba uhai na madini hayo ni marafiki wa zamani. Hauonyeshi uhai ulianzaje, na K, ambazo hadi leo hazijabadilika, ndizo zinazotukumbusha hivyo kila asubuhi.

Siku ya 74

M+3 ina doa la zambarau, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, sentimita 5 chini. Waya wa shaba umekuwa mweusi. Chai imebaki chai. M+1 na M+2: hakuna. Chupa moja si ushahidi wa kutosha, ila mwelekeo ni ule uliotabiriwa na hesabu ya Siku ya 35. M+2 imeongezwa gramu 20 leo kwa njia ile ile. M+1 itabaki ya kulinganishia.

Siku ya 80

Sehemu ya pili ya mradi imeanza: kutu bila oksijeni.

Maji ya chuma, yaani yenye chuma kilichoyeyuka, yametoka kwenye ndoo ya lita 20 yenye koki chini, iliyojazwa tope la M na karatasi wiki tano zilizopita, juu ya kitambaa na sentimita 5 za mchanga uliooshwa. Vidonge vya chuma vya duka la dawa tumevikataa: vimepakwa sukari, na chuma chake ni salfeti ya chuma, ambayo ingerudisha ule ugomvi wa salfaidi. Kwa kila lita imeongezwa gramu 1 ya magadi soda, kuwapa bakteria kaboni na kutuliza tindikali. Ukizidisha, maji yanakuwa meupe, chuma kinashuka kama kaboneti na hakuna kitakachobaki cha kuangalia.

Taa ndiyo ilikuwa ngumu. Bakteria wa zambarau hunyonya mwanga usioonekana na jicho, upande wa pili wa wekundu, kati ya nanomita 800 na 900 hivi. Taa za kawaida za LED za nyumbani hazitoi mwanga huo. Zinafaa globu za zamani za waya unaowaka, wati 60, sentimita 30 kutoka kwenye chupa, na feni ndogo ya kuondoa joto. Kuwazuia sianobakteria wasitoe oksijeni, mbele ya globu pamewekwa karatasi za selofeni nyekundu na buluu, mbili mbili zikilaliana. Pamoja zinaziba karibu mwanga wote unaoonekana na kupitisha ule mwingine.

Chujio limepimwa kwa gugu la ndani ya maji. Tawi lililo kwenye mwanga wa kawaida lilitoa mapovu ndani ya dakika kumi. Lililo nyuma ya selofeni halikutoa hata moja kwa saa tatu.

Chupa sita za plastiki, mililita 500, zimejazwa pomoni: tatu mwangani, tatu kwenye foili.

Siku ya 101

Kutu kwenye chupa mbili za mwangani. Na kwenye mbili za gizani. Jaribio halina maana. Plastiki ya chupa za maji hupitisha oksijeni taratibu kupitia ukuta wake, na kwa wiki tatu inatosha kutia kutu chuma kidogo kilichomo. Kwenye nguzo kubwa hilo halikusumbua kwa sababu tope lina njaa ya oksijeni na huimaliza pale ukutani; maji matupu hayana kinga hiyo. Lilipaswa kuonekana mapema.

Siku ya 104

Marudio kwa kioo. Chupa za soda za mililita 350, kumi, zilizooshwa na kuchemshwa. Kujaza kwa mrija unaofika kitako, maji yapande taratibu na yamwagike juu ujazo mmoja mzima kabla ya kuchomoa. Ndivyo maji yaliyogusa hewa yanavyotoka. Kizibo cha mpira bila povu hata moja chini yake, halafu nta ya mshumaa juu. Nne mwangani, nne kwenye foili zikiwa sehemu ile ile ili joto liwe moja, mbili mwangani zenye mililita 5 za formalini kuua kila kitu. Mbili hizi ni za lazima: zikipata kutu, mwanga au uvujaji umefanya kazi bila bakteria.

Angalizo la kusoma matokeo: zambarau ikitokea haihesabiwi. Maji ya tope yana mabaki ya karatasi iliyooza, na bakteria wengi wa zambarau huishi kwa hayo wakiwa mwangani bila kugusa chuma. Kinachohesabiwa ni rangi ya chungwa na chai kupoteza weusi, basi.

Siku ya 112

Mwisho wa Septemba. Jua limevuka kwenda kusini. Nguzo zote zimehamishiwa dirisha la kaskazini, zikibebwa wima, moja moja, uso wenye zambarau ukigeuziwa mwanga kama mwanzo.

Siku ya 119

M+2 ina zambarau, siku 45 baada ya nyongeza. M+1 bado nyeusi tupu.

Siku ya 125

Kioo. Gizani: zote nne safi. Formalini: zote mbili safi. Mwangani: tatu kati ya nne zina vumbi la rangi ya chungwa, limeshika ukutani upande wa globu na kutanda kitakoni. Ya nne ni safi. Chai kutoka chupa moja ya chungwa, iliyotolewa sadaka: weusi umepauka sana ukilinganisha na ya gizani iliyofunguliwa pamoja nayo.

Hadubini inaonyesha vijiti vifupi vingi katikati ya punje za kutu, pasipo nyuzi za sianobakteria. Hilo ni zuri lakini halitoshi, kwa sababu wamo bakteria wa kila namna. Mililita 5 za vumbi hilo zimehamishiwa kwenye chupa nne mpya za maji ya chuma yaliyopita sufuria ya presha, yakapoa yakiwa yamefungwa, ili tuanze na waliomo kwenye kutu peke yao. Mbili mwangani, mbili gizani. Kama ni wao, kutu ya kizazi hiki itatokea mapema kuliko siku 21. Kusoma tena Siku ya 135. Nta ikaguliwe kila asubuhi, maana joto la globu huifanya ipasuke upande mmoja.